Wanyapara Hawana Majina

Japheth Kioko aliichora Misri bila kutazama kitabu. Mto Naili ukateremka ubaoni kama mshipa uliotutumka shingoni mwa mtu mwenye hasira. Pembeni yake akatia nukta mbili, ile miji ya ghala waliyoijenga watumwa kwa matofali. Mkono wa kulia akaikunja Bahari ya Shamu. Na kulia zaidi, ng'ambo ya jangwa lote, pale ubao ulipokuwa karibu kuisha, akabonyeza kalamu nyekundu mara moja.

"Hapa ni wapi?"

"Doha!" wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la pili.

"Na Misri ile pale. Basi kwa ramani, nyinyi na mimi tumeshavuka. Tuko upande wa wokovu."

"Mwalimu, naomba nirekebishe kidogo," akadakia Silvesta, kijana mrefu wa Kakamega ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. "Wenzetu walivuka wakimkimbia Farao. Sisi tulivuka hewani, tumefunga mikanda, tunaletewa kuku na soda, tukimkimbilia yeye. Na nauli tulijilipia wenyewe, bana."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hata Japheth, ambaye hakupenda mzaha juu ya Maandiko, aliachia meno mawili kabla ya kuyarudisha ndani.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ambayo mji hupumzika, na Kerubo, muuguzi kutoka Kisii mwenye fleti hiyo ya Najma juu ya duka la fundi cherehani, alikuwa amesukuma makochi ukutani ili watu kumi na wanane wapate pa kukaa. Viatu vyao vilipangwa nje ya mlango. Vingi vilikuwa vyeusi, vya walinzi, na soli zake zilikuwa zimelika upande mmoja, kwa maana mtu anayesimama kwa saa kumi na mbili hupumzisha mguu mmoja akautesa mwingine.

Siku sita za juma Japheth aliitwa Supa, kwa sababu alikuwa msimamizi wa walinzi katika majumba matatu ya makazi kule The Pearl, kwenye kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono. Siku ya saba aliitwa Mwalimu. Majina hayo mawili aliyavaa kama mtu mwenye suti mbili, na yote mawili aliyapiga pasi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kusoma kwa ufasaha alijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru kule Machakos, akibanana benchi moja na akina mama waliokuwa wakinyonyesha. Na tangu alipoanza kusoma hakuacha. Alisoma Biblia mara nne kutoka jalada hadi jalada. Alisoma kamusi. Alisoma hata maandishi ya nyuma ya dawa za kuulia mende. Mtu aliyeupata mwanga jioni, alipenda kusema, hauzimi mapema.

Cheo chake alikipata kwa ukweli. Mwaka wake wa pili Doha aliokota bangili ya dhahabu ndani ya lifti, akaipeleka ofisini ikiwa bado ina joto la mkono wa mwenyewe. Tangu siku hiyo meneja hakuwahi kuhakiki jambo ambalo Japheth alikwisha kulisema. Na Japheth, kwa wino wa buluu, aliandika katika ukurasa wa kwanza wa Biblia yake: Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Siku hiyo walianza kitabu cha Kutoka. Aliwasomea jinsi mfalme mpya alivyoinuka, asiyemjua Yusufu. Jinsi alivyowaogopa wageni kwa wingi wao, huku akiihitaji mikono yao. Jinsi alivyowaita wakunga wawili, Shifra na Pua, akawaamuru wawaue watoto wa kiume wakati wa kuzaliwa. Wakunga wakawaacha hai. Walipoulizwa, wakamwambia mfalme kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, hujifungua kabla mkunga hajafika.

Kerubo akainua mkono. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye kuuliza maswali kwa sauti ileile aliyotumia kumuuliza mgonjwa panapomuuma.

"Mwalimu, hao wakunga walidanganya?"

"Walimcha Mungu."

"Hilo nimelisoma. Nauliza kama walidanganya."

Japheth akafunika kalamu. "Walidanganya. Lakini Maandiko hayakusema walibarikiwa kwa uongo wao. Walibarikiwa kwa kumcha Mungu. Uongo wao Mungu aliufumbia macho, kama vile mzazi anavyofumbia macho kamasi za mtoto."

"Na kama wangemwambia Farao ukweli?"

"Mungu angepata njia nyingine."

"Njia nyingine ya wale watoto, ama ya watoto wengine?"

Kiyoyozi kilikohoa. Japheth alihisi joto likimpanda masikioni, lile la mwanafunzi wa ngumbaru aliyeitwa mbele akakuta hesabu ni ngumu kuliko alivyodhani.

"Dada Kerubo," akasema taratibu, "mtu akianza kuchagua nani wa kuambiwa kweli na nani wa kudanganywa, kesho atajidanganya mwenyewe. Ukweli hauna upande. Ni kama jua. Halichagui paa."

"Aamina!" akasema Bradley.

Bradley alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na miezi saba tu Doha. Alikaa mbele daima, daftari magotini, na kila neno la Japheth aliliandika kama mtu anayekinga maji ya mvua. Akaliandika hilo la jua pia, akalipigia mstari.

Kwa desturi yao, ibada haikufungwa kabla ya watu kutaja mahitaji ya maombi. Mmoja baada ya mwingine husema lililomlemea, wengine wakalibeba. Kisemwacho pale huwa kimewekwa mikononi mwa Mungu, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mikono hiyo ina nyufa. Mmoja aliomba mamaye apone presha. Mwingine aliomba mke wake aache kusikiliza maneno ya majirani. Halafu Damaris akasimama.

Damaris alikuwa mlinzi wa lango la wanawake katika jumba la pili, chini ya Japheth. Alitoka Nkubu, Meru, na kule nyumbani alikuwa amesomea usaidizi wa wauguzi, akafanya kazi hiyo miaka miwili katika wodi ya wazee kabla ya wakala kumpeleka Doha kwa ahadi ya hospitali na kumkabidhi lango. Miaka minne sasa alikuwa akiwafungulia mlango wanawake wanaokwenda kuogelea.

"Nina mahojiano ya kazi," akasema. "Jumanne, saa tatu. Kliniki ya wazee," akaitaja kwa jina, "Kerubo ndiye aliniambia. Niliomba ruhusa ofisini nikanyimwa. Kwa hivyo Jumanne…" akasita, akamtazama Japheth, kisha akacheka kwa aibu. "Aki Mwalimu, hapa niko mbele ya Mwalimu. Siko mbele ya Supa."

Watu wakacheka. "Supa amebaki The Pearl!" akapaza Silvesta. "Leo tuko na pacha wake."

"Jumanne nitaumwa na tumbo," Damaris akamalizia. "Naombeni mniombee. Si eti nachukia lango. Ni mikono. Zamani nikimshika mzee mkono nilijua ana homa kabla ya kipimo. Siku hizi nashika tu kitasa. Naona mikono inasahau."

Japheth ndiye aliyeomba. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cha kichwa cha Damaris na kumwomba Mungu aliyeipasua bahari amfungulie binti yake njia, amtie neno kinywani mbele ya hao watakaomhoji, amtoe katika nyumba ya utumwa. Aliomba vizuri, alikuwa na kipaji hicho. Alipofika mwisho, amina yake ilisikika juu ya zote.

*

Jumanne saa tatu na nusu meneja alimwita. Aliitwa Nadim, mtu wa makamo, mwenye sauti laini na desturi ya kumpa chai kila aingiaye ofisini mwake. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Walinzi walimwogopa kwa sababu hiyo hasa.

"Japheth, rafiki yangu, keti. Leo wanawake wa ghorofa ya juu wana sherehe kwenye bwawa, na lango lao halina mtu. Yule dada wa jumba la pili ametuma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua." Akakoroga chai yake. "Ni mgonjwa kweli?"

Swali lilikuwa dogo. Baadaye Japheth alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema hajui. Angeweza hata kuinua mabega, na kwa mtu mwingine yeyote mabega yangetosha.

Lakini macho ya Nadim yalimtazama kwa imani iliyotulia, imani ya miaka tisa, na Japheth akaona ndani yake sura yake mwenyewe: mtu asiye na haja ya kuapa. Alimwona pia Damaris akicheka, siko mbele ya Supa, kana kwamba msimamizi ni koti analolivua mtu mlangoni. Na tangu Ijumaa neno hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa wa samaki, dogo, lisilomezeka.

"Si mgonjwa," akasema. "Amekwenda kwenye mahojiano ya kazi."

Hapo angenyamaza. Aliombwa kikombe, akamwaga mtungi: akataja na jina la kliniki.

Nadim hakubadilika uso. Alimshukuru. Akainuka, akampa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwa kukaa muda mrefu chini ya kiyoyozi. Sheria ya nchi ilimruhusu Damaris kubadili mwajiri, na Nadim aliijua sheria hiyo kuliko alivyoijua Damaris mwenyewe. Ndiyo maana hakupoteza muda. Kabla ya adhuhuri kliniki ilikuwa imepigiwa simu na kuambiwa kwamba mwombaji wao ni mtoro aliyesingizia ugonjwa. Kabla ya alasiri barua ilikuwa imechapwa: mkataba umevunjwa kwa udanganyifu kazini. Tiketi ya kumrudisha nyumbani ilikuwa ya Alhamisi mchana.

"Wewe ndiye msimamizi wake," alisema Nadim, akimkabidhi bahasha. "Atakusikiliza."

*

Makazi ya wanawake yalikuwa Al Rayyan, jengo la ghorofa mbili lenye rangi ya vumbi, na wanaume hawakuruhusiwa kupita chumba cha mapokezi. Kulikuwa na meza, viti viwili vya plastiki, na kalenda ya mwaka uliopita. Jumatano asubuhi Japheth alikaa pale, kofia magotini, hadi Damaris aliposhuka ngazi akiwa amevaa leso na malapa.

Alikwisha kujua. Kliniki ilikuwa imemwambia.

"Walinipenda, Mwalimu," akasema akikaa. "Ujue hilo kwanza. Yule mkuu wa wauguzi alinipeleka kwa mgonjwa, bibi mmoja wa Kihindi, akaniambia nimgeuze kitandani. Nikamgeuza. Hata hakuamka. Akaniambia, wewe umefanya hii kazi. Tulikuwa tunaongea mambo ya kuanza mwezi ujao. Ndipo akaitwa kwenye simu."

Japheth akaiweka bahasha mezani. Hakuweza kuisukuma, aliiacha pale katikati.

"Nadim aliniuliza," akasema.

"Najua aliuliza."

"Aliniuliza uso kwa uso, Damaris. Ningesema nini?"

"Ungesema anaumwa. Neno moja." Hakuwa na hasira sautini, na hilo lilimchoma Japheth zaidi. "Wala usingekosea sana. Usiku ule sikulala, nilitapika mara mbili kwa woga. Tumbo lilikuwa linauma kweli."

"Mimi sijui kusema uongo. Sikulelewa hivyo."

"Na mimi nililelewa hivyo?" Damaris akainua macho. "Mimi nilikaa miaka minne nikisema ndiyo madam, karibu madam, hakuna shida madam. Unadhani ule ulikuwa ukweli? Ukweli wako umelishwa vizuri, Mwalimu. Wangu ulikuwa na njaa."

Akavuta bahasha, akaifungua, akasoma barua yote kimya, hata maandishi madogo ya chini. Akaomba kalamu. Japheth akampa ile ya wino wa buluu.

"Kitu kimoja tu," akasema Damaris akitia sahihi. "Jina la kliniki. Hilo pia alikuuliza?"

Nje basi la kampuni lilipiga honi, likiita zamu ya mchana.

"Hakuuliza," akajibu Japheth, na hilo lilikuwa kweli pia.

Damaris akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyemaliza kujumlisha na kukuta jibu ni lilelile. Akarudisha kalamu. "Nyumbani watauliza kwa nini nimerudi. Nitawaambia mkataba uliisha. Mama ana ugonjwa wa moyo, siwezi kumpa hii yote." Akasimama. "Unaona? Na mimi najua kumpa mtu kiasi anachoweza kubeba."

Akapanda ngazi. Malapa yake yalipiga sakafu, pa, pa, pa, mpaka ghorofa ya pili, mpaka yakanyamaza.

*

Japheth alikuwa na mazoea ya kuwatangulia wanafunzi wake kusoma, sura tatu nne, asije akashtukizwa na swali. Alhamisi alasiri, baada ya zamu, alikaa kitandani kwake, katika kambi ya walinzi, akaifungua Kutoka. Saa hizo ndege ya Damaris ilikuwa angani. Alisoma juu ya kijiti kilichowaka moto. Alisoma juu ya Musa mwenye ulimi mzito. Akafika sura ya tano.

Sura hiyo aliijua. Farao anawanyima watu nyasi za kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali haipungui. Miaka yote alipoisoma macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Musa. Hapo ndipo alipojiweka, bila hata kujiuliza, kama mtu aingiaye kanisani akaelekea benchi lake. Leo macho yaligoma. Yalisimama kwa watu ambao alikuwa akiwapita kama mtu anavyopita nguzo za taa: wanyapara. Waebrania waliowekwa na wasimamizi wa Farao juu ya Waebrania wenzao, kuwahesabia matofali.

Akarudi nyuma akatafuta majina yao. Hayakuwapo. Shifra na Pua, wanawake wawili waliokuwa wakipokea watoto wa watumwa, wameandikwa kwa majina, na mamilioni ya watu wameyatamka. Farao, mwenye nchi na majeshi, hakuandikwa jina. Wala wanyapara. Mtu aliyeishi kwa ajili ya jina lake alisoma ukurasa ule mara tatu, kidole kikifuata mstari kama siku zile za ngumbaru.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Matofali yalipopungua, waliochapwa viboko ni wanyapara hao. Walichapwa badala ya ndugu zao. Migongo yao ndiyo iliyolipa. Japheth alijitazama viganja. Yeye hakuchapwa. Yeye alipewa mkono.

Alijaribu kuomba. Kipaji chake kilikuja kama kawaida, maneno mazuri yakapanga foleni, na kwa mara ya kwanza aliyaona jinsi yalivyovaa sare. Akayafukuza. Akabaki ameketi, na kutoka chumba cha pili alisikia mtu akipiga pasi, mvuke ukitoa sauti kama ya nyoka.

*

Ijumaa walikuja wote. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amejiandaa kwa viti vitupu, kwa maneno makali, hata kwa Kerubo kumfungia mlango. Lakini Kerubo alifungua, akasema, "Karibu, Mwalimu," akamletea chai yenye tangawizi kama Ijumaa zote. Kiti cha Damaris walikuwa wamekiondoa, si kukiacha wazi. Makochi yalisogezwa karibu kidogo, na nafasi yake ikazibwa.

Alifundisha sura ya pili. Hakuna aliyeuliza swali. Silvesta hakufanya mzaha hata mmoja, na sebule bila mzaha wa Silvesta ilikuwa kama nyumba iliyokatiwa maji.

"Mahitaji ya maombi," akasema Japheth mwishoni.

Wakatazamana.

"Tuiombee nchi yetu," akasema mmoja.

"Tuombee amani duniani."

"Mvua," akasema Silvesta, akiangalia soksi zake. "Tuombee mvua kule Ukambani, Mwalimu. Nasikia mahindi yamekauka."

"Na wewe mwenyewe, Silvesta? Huna hitaji?"

"Mimi? Mimi niko sawa kabisa, Supa."

Supa. Siku ya Ijumaa. Hakuna aliyecheka.

Kerubo alikusanya vikombe. Alipofika kwa Japheth aliinama, akasema kwa sauti ya chini, isiyo na uchungu wala msamaha, "Alifika salama. Amenitumia ujumbe. Ameanza kutafuta kazi hospitali ya Nkubu, lakini wanasema miaka minne ni mingi, cheti kimepoa."

Walipotoka, Bradley pekee alibaki nyuma akimsaidia kufuta ubao. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mwalimu, hawa wengine wamenuna, lakini mimi nataka ujue. Nimebarikiwa sana na msimamo wako. Ungeweza kumficha, kwa sababu ni wetu. Hukumficha. Ukweli hauna upande." Akapapasa daftari kifuani. "Nimekuwa nikijiuliza kama kuna mtu anaishi anachofundisha. Sasa nimeona."

Japheth alitaka kumwambia kitu. Kilikuwepo, hapo hapo chini ya ulimi. Lakini kumwambia kijana huyo kungekuwa kujivua sare ya mwisho aliyobaki nayo, mbele ya mtu pekee aliyekuwa bado anaiheshimu, na Japheth alikuwa amechoka. "Mungu akubariki, Bradley," akasema. Kijana akaondoka akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

*

Majuma matatu yalipita. Japheth alifanya kazi yake, akatia sahihi zamu, akakagua mikanda na vitambulisho. Walinzi walimwitikia kwa adabu kamili. Hakuna tena aliyemwambia mtoto wake ameanza kutembea, wala mguu unamuuma wapi. Alitambua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akilishwa habari hizo ndogondogo kama mgonjwa anavyolishwa maji kwa kijiko, na kijiko kilikuwa kimeondolewa.

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, alipita lango la jumba la kwanza akakuta nafasi ya Silvesta haina mtu. Jana yake alikuwa amemwona kijana huyo akinunua mkanda mpya wa suruali dukani Najma, na akipimisha shati jeupe kwa fundi aliye chini ya fleti ya Kerubo. Hakuna aliyemwambia chochote. Hakuhitaji kuambiwa. Alisimama pale langoni, jua likianza kuuma, na kitu fulani ndani yake kikaketi vizuri, kama mfupa uliokuwa umeteguka ukarudi mahali pake kwa maumivu.

Nadim alipomwita, aliingia na kusimama bila kungoja chai.

"Japheth, rafiki yangu. Silvesta yuko wapi?"

"Anaumwa," akasema Japheth.

Lilitoka rahisi kuliko alivyoogopa. Na lilipotoka, alikuta nyuma yake kuna mengine yanangoja. "Nilimwona mwenyewe alfajiri, kambini. Homa. Hawezi kusimama, mwili wote unatetemeka. Nilimwambia abaki kitandani, ni kosa langu sikukuarifu mapema. Nitashika lango lake mimi mwenyewe hadi jioni." Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ule ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu utu uzima; akautengeneza kwa uangalifu, kwa mikono miwili, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

Nadim alimsikiliza hadi mwisho. Akakoroga chai.

"Yuko kwenye mahojiano ya udereva," akasema kwa upole. "Hoteli moja. Bradley amenieleza asubuhi, kabla hata sijauliza. Nimekwisha kuwapigia." Akaonja chai, akaiona moto, akairudisha. "Kijana mzuri, yule. Nilimuuliza kwa nini anamsema rafiki yake anayelala naye chumba kimoja. Akasema amefundishwa na wewe."

Kiyoyozi kilivuma. Mezani, mbele ya Nadim, palikuwa na bahasha iliyokwisha kufungwa.

"Nilitaka tu kukusikia," akaendelea Nadim, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimtazama Japheth kama mtu anayehesabu vitu vilivyomo chumbani. "Wewe umeanza lini?"

Japheth aligeuka, akaenda mlangoni, akaufungua.

Bradley alikuwa anangoja kwenye korido, sare imepigwa pasi, kofia kwapani. Alipomwona Japheth alinyooka wima, na uso wake ukafunguka wote, uso wa kijana anayeleta matokeo ya mtihani nyumbani.

"Mwalimu," akasema. "Haikuwa rahisi. Silvesta ni kama ndugu yangu. Lakini nimefanya vizuri, sivyo?"

Nyuma ya Japheth mlango ulibaki wazi, na kijiko cha Nadim kilikuwa kimeacha kugonga kikombe.